Futa Vyote

Mwenyekiti wa kikundi cha akina mama alikuwa ameshachagua mtindo, ameshachagua na rangi, na alichotaka sasa ni kuona tu mshono wa mgongoni, ndipo tangazo lilipojitokeza. Lilikaa katikati ya kioo cha kompyuta likaziba gauni zima: NEPI ZA WATU WAZIMA. HAZIVUJI. HAZITOI HARUFU. Chini ya maneno hayo mzee mmoja alikuwa anacheka na wajukuu zake, kana kwamba amepewa zawadi.

Fundi alikimbilia kulifunga. Ile alama ya kufungia matangazo huwekwa makusudi iwe ndogo, na mtu mwenye haraka haioni. Akabonyeza pembeni yake. Tangazo likafunguka zaidi, likaonyesha saizi tatu na bei ya kila saizi.

Wateja walikuwa watatu kwenye benchi. Wote watatu, bila kuambizana, walihamisha macho kutoka kwenye kioo hadi kwenye kiti cha dirishani, alikokuwa amekaa Karani. Huyo ni mume wa Fundi, aliyekuwa karani wa ghala la vifaa vya ujenzi mpaka kiharusi kilipompiga miezi saba iliyopita, kikachukua mkono wa kulia, mguu wa kulia, na maneno yote isipokuwa moja. Alikuwa ameogeshwa, amechanwa nywele, amevalishwa shati lililopigwa pasi. Macho ya wale wanawake hayakuona shati. Yalishuka kiunoni kwake, yakatulia hapo, halafu yakaenda kwenye rundo la vitambaa lililokuwa karibu na kiti.

"Vitambaa vyetu vitakaa humu humu?" mmoja aliuliza.

"Nina kabati, dada. Kila kitambaa kinakaa kabatini."

"Siyo kwa ubaya. Ni vyeupe, unajua."

Harufu haikuwepo. Fundi alimwogesha mumewe mara mbili kwa siku, na sabuni ilikuwa inaisha upesi nyumbani humo kuliko sukari. Lakini neno lilishaandikwa kwa herufi kubwa mbele ya watu, na mmoja wao alikuwa ameshapeleka kitambaa cha mkononi puani, akijifanya anapenga kamasi. Magauni ishirini na mawili ya kikundi, kazi ya mwezi mzima, yakaanza kunyanyuka pale kwenye benchi.

"Basi tutarudi, Fundi," alisema Mwenyekiti.

"Vipimo je? Tungemaliza vipimo kabisa."

"Tutarudi."

Mtu anayesema tutarudi huku anatafuta kiatu chake kwa mguu, humhitaji mpiga ramli akueleze. Walipotoka, Karani alinyoosha mkono wa kushoto kuelekea mlangoni.

"Ile," alisema. Ndilo neno alilobaki nalo. Njaa ilikuwa ile, maumivu yalikuwa ile, mke na mtoto na dirisha vyote vilikuwa ile.

"Wameondoka, Baba Chiriku," Fundi alimjibu. "Wamesema watarudi."

* * *

Siku hiyo ilikuwa Jumatatu, na Jumatatu nyumba hii ilikuwa na kazi moja isiyosubiri. Fundi alivuta kompyuta magotini, akafungua ukurasa wa hospitali. Ulifunguka wenyewe kama kawaida yake, jina la binti yao juu, namba chini ya jina, na kitufe cha kijani kilichoandikwa BADO TUNASUBIRI.

"Ngapi leo?" aliuliza Chiriku kutoka chumbani.

"Tisa."

"Tisa!"

Chiriku ni jina alilopewa kwa maneno yake mengi, akiwa bado mdogo na mzima. Sasa alikuwa na miaka kumi na mmoja, na maneno bado yalikuwepo, ila aliyatoa kwa mafungu, akisimama katikati ya sentensi kuvuta pumzi. Kilango kimoja cha moyo wake hakikuwa kinafunga sawasawa. Madaktari wageni walikuja hospitali ile mara mbili kwa mwaka, wakapasua watoto kumi na wawili kila safari bila malipo, wakaondoka. Foleni yao ilikuwa mtandaoni. Karani alimwandikisha mtoto miezi kumi na minne nyuma, yeye mwenyewe akiwa bado mzima, wakapata namba ya tisini na kitu. Sharti lilikuwa moja: kila Jumatatu, kabla ya saa kumi jioni, ubonyeze kitufe kuonyesha kwamba bado upo. Asiyebonyeza anatolewa. Wengi walitolewa kwa kusahau, na wengine kwa sababu ambayo wazazi wao hawakuwa na nguvu ya kwenda kuiandika. Hivyo ndivyo tisini ilivyoshuka hadi tisa.

Safari ijayo ya madaktari ilikuwa mwezi mmoja mbele. Daktari wa huku alikuwa amesema mtoto apasuliwe kabla hajatimiza miaka kumi na mitatu. Hakusema nini kitatokea asipopasuliwa, naye Fundi hakumuuliza.

Fundi akabonyeza. Kitufe kikageuka kijivu. Akamgeuzia mumewe kioo aone, naye Karani akaitazama ile tisa mpaka macho yakamjaa machozi, maana siku hizi alilia kwa jambo jema na baya sawasawa.

Jioni shemeji yake alipita. Huyu ni mdogo wake Karani, fundi simu mwenye kibanda chake karibu na soko, mtu wa maneno ya haraka na viatu visivyofungwa kamba. Fundi alimweleza yaliyompata kwa wateja.

"Shemeji, uliingia kwenye duka la mtandaoni kutafuta nepi za kaka, sivyo?"

"Mwezi uliopita. Nilikuwa nalinganisha bei."

"Likakuuliza kama unakubali vidakuzi?"

"Liliniuliza kitu. Nikabonyeza Kubali Vyote ili linipishe."

"Ndivyo tunavyofanya wote. Kubali wanaiweka kubwa kama mlango wa ghala, Kataa wanaificha kwa maandishi ya kijivu huko chini." Akavuta kigoda. "Sasa niambie. Mteja akikuletea kitambaa, unafanya nini?"

"Nabana karatasi kwa pini. Jina lake, na ukurasa wa vipimo vyake kwenye daftari."

"Bila hiyo karatasi?"

"Kitambaa ni kitambaa tu. Nitajuaje ni cha nani?"

"Basi kidakuzi ndiyo karatasi yenyewe. Ukiingia kwenye tovuti, inabana karatasi yake humu ndani ya kompyuta yako. Ukirudi kesho inaisoma: kumbe ni yule wa nepi. Haina haja ya kukuuliza tena."

"Mbona hiyo haina ubaya?" alisema Fundi, ambaye karatasi zake zilimwokoa na ugomvi wa wateja kila wiki.

"Yenyewe haina. Ubaya ni kwamba mwenye duka ameruhusu na wapita njia wabane za kwao. Watu hujawahi kuwasikia. Kila tovuti unayokwenda wamo, wanasoma karatasi yao, wanakufuata na nepi zao hadi kwenye magauni."

Akafungua mipangilio, akamwonyesha orodha. Tovuti mia moja na arobaini zilikuwa zimebana karatasi zao mle. Chiriku alikuja akasimama nyuma ya kiti, akaanza kuyasoma majina kwa sauti, jina baada ya jina, mpaka pumzi ikamkatika.

"Mama, watu mia na arobaini... wamo humu ndani. Na sisi watatu... tunagombania godoro!"

Walicheka, hata Karani alicheka kwa upande wake mmoja. Fundi pia alicheka, lakini ile orodha ilimkaa rohoni. Alijiona kama mtu aliyegundua kwamba kwa miezi yote alikuwa anavua nguo mbele ya dirisha lisilo na pazia.

"Tazama," alisema Shemeji. "Hapa nazuia vya wapita njia. Tovuti ikikuuliza tena, usikurupuke kukubali. Tafuta Kataa, au ingia Mipangilio, ubakishe vya lazima tu. Na ukitaka kukitoa cha duka fulani, unakuja kwenye orodha hii, unatafuta jina la duka, unabonyeza hako kapipa ka taka mbele yake. Hicho kimoja tu. Maana viko vingine ambavyo—"

Simu yake ikalia. Mteja alikuwa amesimama kibandani na hasira zake.

"Nakuja, bosi, nakuja! Shemeji, mengine nitakumalizia siku nyingine." Akatoka mbio, kamba za viatu zikiburuta.

Mengine hayo yalikuwa sentensi moja. Alitaka kusema kwamba viko vingine ambavyo ndivyo vinakufungulia mlango bila kuulizwa wewe ni nani. Angesema sentensi hiyo kwa muda wa kumeza mate.

* * *

Siku mbili zilipita bila nepi. Alhamisi asubuhi Mwenyekiti alirudi, na alirudi peke yake, jambo ambalo Fundi alilichukua kuwa dalili njema. Alimpangusia benchi, akamfungulia lile duka kubwa la mtandaoni lenye picha za mitindo, akamtafutia gauni lile lile. Hakuna kilichojitokeza katikati. Mwenyekiti aliinama, akauangalia mshono, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Hapo chini kuna mkunjo?" aliuliza, akateremsha picha kwa kidole chake mwenyewe.

Chini ya gauni duka lilikuwa limepanga mstari wa picha ndogo. KWA KUWA ULITAZAMA HIVI KARIBUNI. Nepi za usiku. Nepi za mchana. Shuka la mpira. Kiti chenye shimo na ndoo. Duka hili ndilo alikolinganisha bei za nepi, na karatasi yake haikuwa ya mpita njia.

Mwenyekiti aliondoa kidole kama mtu aliyegusa pasi. Halafu, kwa kuwa alikuwa mtu mwema, akafanya jambo baya kuliko kukimbia: akamshika Fundi mkono.

"Mimi mwenyewe sina neno, mama. Yangenipata na mimi. Ni wenzangu ndio wanaosema."

"Wanasemaje?"

"Ah, watu si unawajua. Lakini nitakuletea vitambaa vya mezani, uvipige pindo. Vile si vya kuvaa."

"Asante," alisema Fundi.

Mwenyekiti hakutoka mara moja. Alikwenda mpaka dirishani, akamsalimia Karani kwa sauti kubwa na ya polepole, kama anavyosalimiwa kiziwi. "POLE SANA, BABA! UTAPONA!" Karani akamwambia ile.

Mlango ulipofungwa, Fundi alikaa mbele ya kompyuta akameza machungu. Alipanga kulitafuta jina la lile duka, kama alivyofundishwa, abonyeze kale kapipa. Lakini orodha ilikuwa ndefu na majina yake mageni, na kila jina alilolipita alilichukia. Hawa wote walikuwa wanajua kwamba mumewe anajikojolea. Karani, mtu aliyekuwa akikunja leso yake mara nne kabla ya kuiweka mfukoni, sasa alikuwa gumzo la watu mia na arobaini. Juu ya orodha kulikuwa na maneno mawili: FUTA VYOTE.

Akabonyeza. Kompyuta ikamwonya kwamba atatolewa kwenye akaunti zake katika tovuti hizo. Fundi hakuwahi kufungua akaunti popote maishani mwake, kwa hiyo onyo lile aliliona ni la watu wengine. Ukurasa wa hospitali hata hakuuwazia. Kwa mawazo yake ule haukuwa karatasi ya mtu. Ulikuwa kitu chao, cha humo ndani ya kompyuta, kama picha ya harusi iliyomo kwenye fremu. Tangu mumewe aanguke ulikuwa unafunguka wenyewe na jina la mtoto juu. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba hospitali nayo hubana karatasi.

Akabonyeza tena kukubali. Orodha ikawa nyeupe. Kwa mara ya kwanza katika wiki ile alijisikia mtu mwenye nyumba yake.

* * *

Jumatatu saa mbili asubuhi, ukurasa wa hospitali ulimkaribisha kama mgeni. KARIBU. INGIA. Barua pepe. Nenosiri.

Fundi aliufunga, akaufungua. Akazima kompyuta, akaiwasha. Akapekua daftari la mumewe, lenye kila risiti ya nyumba hiyo, hadi ya taa na ya ndoo. Nenosiri halikuwepo. Karani alikuwa mtu makini, na kazini walifundishwa kwamba nenosiri haliandikwi, linakaa kichwani. Lilikuwa huko kichwani hadi leo.

Shemeji alifika saa tatu, anahema. Alitazama kioo, akaelewa, akakaa chini.

"Shemeji, umefuta vyote?"

"Ulinifundisha wewe."

"Nilikufundisha kimoja! Nilisema hicho kimoja tu!"

"Ulisema kuna vingine. Vingine vipi? Ukaenda kumkimbilia mteja wako!"

"Ile," alisema Karani.

Shemeji akabonyeza Umesahau Nenosiri. Tovuti ikasema imetuma namba sita kwenye simu ya mwenye akaunti.

"Simu ya kaka iko wapi?"

Simu ya Karani waliiuza mwezi wa pili wa ugonjwa, kibandani kwa Shemeji mwenyewe. Laini Fundi aliiacha ife. Alisema siku ile, na alikumbuka alivyosema, mtu asiyeweza kusema halo, laini ya nini?

Wakapiga ile namba. Iliita; kampuni ya simu ilikuwa imeshaiuza kwa mtu mwingine. Akapokea mwanamke, nyuma yake watoto wanagombana.

"Dada, samahani kwa usumbufu," alisema Fundi. "Umepokea ujumbe wenye namba sita sasa hivi?"

"Wewe nani?"

"Laini hiyo ilikuwa ya mume wangu. Hospitali imetuma namba ya kufungulia—"

"Hospitali! Juzi mlikuwa watu wa maji. Leo mmekuwa hospitali."

"Nakuomba, dada. Mtoto wangu anaumwa moyo."

"Nyote mna watoto wagonjwa. Mama yangu aliwasomea namba kama hizi, mkamkausha akiba yake ya uzeeni. Tafuteni kazi!"

Chiriku alikuwa amesimama mlangoni. Alikuja akachukua simu mkononi mwa mama yake.

"Shangazi, shikamoo. Ni mimi... mwenye moyo. Ni kweli. Sisi si... wezi."

"Hata mtoto mnamfundisha," alisema yule mwanamke, na sauti yake ilikuwa na huzuni ya kweli. "Mungu anawaona." Akakata. Walipopiga tena, alikuwa ameshawazuia.

Mwanamke yule hakukosea. Angekuwa jirani yangu, ningemsifu.

* * *

Likabaki kichwa cha Karani. Shemeji alisogeza kiti, akamwekea kaka yake kompyuta mapajani.

"Kaka, nenosiri la hospitali. Ni jina la mtu?"

Karani alitikisa kichwa, kukubali au kukataa, hata yeye hakuonekana kuwa na hakika.

"Jina la mtoto? La mama? La ghala?"

"Ile! Ile, ile!" Alijua. Hilo ndilo lililokuwa gumu kulitazama: uso wake ulikuwa wa mtu anayejua. Mkono wa kushoto ulishuka kwenye vitufe, ukatafuta, ukasimama juu ya herufi moja, ukaibonyeza na kusahau kuiachia. Kioo kikajaa herufi M.

"M!" Fundi alisema. "Linaanza na M?"

Wakajaribu jina la mama mzazi wa Karani. Limekosewa. Wakajaribu jina la mtaa walikozaliwa. Limekosewa. Karani alianza kujipiga paji la uso kwa mkono mzima, polepole, kama anayebisha hodi. Fundi alimshika mkono. Shemeji akajaribu la tatu, tarehe ya kuzaliwa ya Chiriku, na la nne, tarehe ile ile ikiwa imegeuzwa. Tovuti ikafunga akaunti kwa saa ishirini na nne, kwa usalama wao.

Hospitali walipokea simu saa saba na nusu, baada ya muziki mrefu. Mhudumu alikuwa kijana mwenye adabu.

"Mama, akaunti ni ya baba. Nampata baba?"

"Ni mgonjwa. Hawezi kusema."

"Ni dakika moja tu. Ataje jina lake kamili na tarehe ya kuzaliwa, mimi namfungulia sasa hivi."

Fundi akaweka simu mdomoni mwa mumewe. Labda. Mfa maji haachi kutapatapa. Karani alikusanya nguvu zote alizokuwa nazo, mishipa ya shingo ikatoka.

"Ile... ile... ileee..."

"Mama," alisema mhudumu, adabu imepungua kidogo, "baba amekunywa?"

"Ana kiharusi! Nimekwambia ana kiharusi!"

"Basi leta barua ya daktari na cheti cha ndoa. Tukipokea ni siku saba za kazi."

"Mwisho ni leo saa kumi."

"Ndiyo, mama. Kuondoa kunafanywa na mfumo, sisi hatuugusi. Pole sana. Kuna jambo jingine ninaloweza kukusaidia?"

Saa kumi ilifika wakiwa wamekaa wote wanne katika chumba kile. Haikutoa sauti yoyote. Nje watu walikuwa wanapita na mikoba yao, na jirani alikuwa anapiga viatu vyake brashi.

Shemeji alimwandikisha mtoto upya kwa jina la Fundi. Tovuti iliuliza juu ya vidakuzi kabla ya kitu kingine. Safari hii Fundi alisoma kila neno, akapita Kubali Vyote, akapita Kataa, akaingia Mipangilio, akabakisha vya lazima tu. Nenosiri aliliandika ukutani kwa chaki ya kukatia nguo, kwa herufi kubwa. Kisha ikaja namba. Mia nne na sita.

Chiriku alihesabu kwa vidole. "Kumi na wawili, mara mbili kwa mwaka... Nitakuwa na miaka ishirini na nane," alisema, kama anayejibu swali la mwalimu.

Shemeji akaaga bila kumwangalia mtu usoni.

* * *

Karani alikuwa hajaelewa. Alielewa kwamba mlango umefungwa, lakini hakuelewa kwa nini ulikuwa umefungwa, baada ya miezi kumi na minne ya kuulinda. Kutwa nzima alikuwa akiuliza. Alinyoosha kidole kwenye kompyuta, akamnyooshea mkewe, akangoja jibu. Ile?

Fundi alikwenda jikoni akafungua bomba ili asisikie. Chiriku alimfuata, akajiegemeza mlangoni.

"Hujamwambia."

"Nitamwambiaje? Miezi saba namwambia asihangaike, mambo yote ninayo mimi." Alikuwa anaosha sufuria iliyokwisha takata. "Nimekuua, mwanangu. Kwa ajili ya magauni."

"Sijafa," alisema Chiriku. Akapumzika. "Mwambie ni mimi. Mwambie nilichezea... nikabonyeza."

"Siwezi kukusingizia."

"Hunisingizii. Nimekuruhusu."

Mama mwenye nguvu angekataa. Fundi alikuwa na nguvu hizo hadi saa kumi ya jioni ile. Alifunga bomba, akapangusa mikono kwenye gauni, akaenda akapiga magoti mbele ya kiti cha dirishani, akamwambia mumewe kwamba ni mtoto, mtoto alikuwa anacheza, hakujua. Aliyasema yote kwa sauti moja, macho kwenye vifungo vya shati. Chiriku alisimama kando yake, mikono nyuma, kama mtu aliyeitwa ofisi ya mwalimu mkuu.

Karani alimtazama binti yake muda mrefu. Mkono wake wa kushoto, uliokuwa umeanza kunyanyuka, ulirudi mapajani. Akageuza uso dirishani. Chiriku aliita baba, akaita tena. Uso haukugeuka.

Walirudi jikoni. Fundi hakuweza kusimama. Alikaa sakafuni, mgongo kwenye mlango wa kabati, akajifunika uso kwa vazi lake.

"Usilie, Mama. Ni afadhali mimi."

"Afadhali wewe kwa nini? Kwa nini wewe?"

"Mimi akinichukia... hakuna kinachoharibika. Wewe akikuchukia, atakubali nani amwogeshe?"

Kisha akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili, akavuta pumzi, haikutosha, akavuta nyingine, na ya tatu, ndipo akaweza kuketi karibu na mama yake.